Mlango wa Kigezo

Vijana wangu mnaojifunza kuchomelea kila Jumamosi pale ukumbini, mmenisumbua vya kutosha. Mnataka niandike jinsi nilivyoupata ufundi. Kuupata ufundi si hadithi. Mtu anaonyeshwa, anakosea, anagombezwa, anarudia, mpaka siku moja anachoka kugombezwa. Afadhali niwaandikie jinsi nilivyokuwa fundi bora wa milango katika mtaa mzima wa viwanda wa Mobeni hapa Durban kwa muda wa miezi saba, kumbe sikuwa.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mkiona mstari umepinda, unyoosheni wenyewe. Najua mnapenda kuwasahihisha wazee.

Karakana yetu ilikuwa inatengeneza mabodi ya malori ya mikate. Lori linaingia likiwa kichwa na chesisi tupu, linatoka na sanduku kubwa jeupe mgongoni, ndani lina reli za trei, nyuma lina milango miwili. Asubuhi mkiliona lori la namna hiyo limesimama kwenye robot, zile taa za njia panda, watu wote hutazama picha ya mkate ubavuni. Mimi hutazama bawaba. Ugonjwa huo hauna dawa, nanyi mtaupata.

Mwenye karakana alikuwa Bwana Govender, mkazi wa mtaa wa Sydenham kama mimi, aliyeanza maisha kwa kunyoosha magari yaliyogongwa. Sikio lake lilikuwa kali. Aliweza kukaa ofisini mlango umefungwa, akasema kwamba grenda ya tatu imeisha jiwe, na ikawa kweli.

Na alikuwepo Kabongo, mtu wa Lubumbashi, aliyejifunza kazi katika karakana za migodi ya kwao. Huyu lazima niwaeleze. Aliniita vieux, yaani mzee, ingawa amenizidi miaka miwili. Nikimwambia hivyo anajibu kwamba Kongo miaka huhesabiwa kwa akili. Kwetu Tanzania yako makabila yenye utani tangu enzi za mababu: wanatupiana maneno bila kugombana, na kwenye msiba mtani ndiye anayebeba kazi ngumu huku akiwachekesha wafiwa. Mkongo na mtu wa Tanga kama mimi hawana utani wa mababu. Sisi tulijiandikisha wenyewe, siku ya kwanza, aliponiuliza kama kweli Watanzania huomba samahani kabla ya kupiga nyundo.

Mke wangu Mwanaidi alifariki mwaka ule wa Kombe la Dunia, wiki chache baada ya mavuvuzela kunyamaza. Hapo sitaandika mengi. Kabongo alikuja nyumbani na mkewe, yule Mama Béa mwenye saluni mjini, wakaosha masufuria siku tatu. Siku ya tatu akasimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa mwanamke mwenye subira kuliko wote aliowahi kuwaona, na kama kuna anayebisha, amtazame mume aliyeishi naye. Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha nikarudi kazini, na kwa muda mrefu sikuwa mtu wa maneno.

Mwaka uliofuata Bwana Govender alipata kazi kubwa: mabodi arobaini ya kampuni moja ya mikate. Walikuwa na sharti moja. Walitaka mlango wowote uingie kwenye lori lolote. Dereva akirudi nyuma akagonga ukuta saa moja asubuhi, mlango wa akiba utolewe stoo, ufungwe, na lori liondoke, kwa sababu mkate haungoji. Bwana Govender alituita, akauliza nani anaijua kazi ya namna hiyo. Nikainua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kuinua mkono tangu msiba. Nikasema nilifundishwa Urusi.

Sasa twende Urusi kidogo. Vaeni makoti.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa kiwanda cha kuunganisha malori nyumbani, tulipopelekwa watu kumi na wawili kusomea kazi mwaka mzima katika mji mmoja kando ya mto Volga. Kiwanda cha magari cha huko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba ukitumwa mwisho wa pili kuchukua boliti, unasahau umetumwa nini. Mwalimu wetu alikuwa mzee mfupi, Pyotr, aliyekwisha kustaafu lakini mkewe hakutaka ashinde nyumbani. Tukamwita Babu Petro. Siku ya kwanza alituambia kupitia mkalimani tusimwogope, kwani yeye mwenyewe alifundishwa na mgeni, na mgeni huyo alikuwa Mmarekani.

Sisi hatukuamini. Miaka ile ukisema Mmarekani na Mrusi katika sentensi moja, watu walitazamia bomu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Babu Petro alikuwa kijana wa kijijini mwenye viatu vya manyoya yaliyogandamizwa, kiwanda kilipokuwa kinajengwa. Serikali yao ilitaka malori mengi, kwa haraka, na haikuwa na watu waliowahi kuyatengeneza kwa wingi. Wakaingia mkataba na Wamarekani. Zikaja mashine ndani ya makasha ya mbao, ikaja michoro, na pamoja navyo wakaja watu wa kuonyesha. Katika sehemu ya Petro aliwekwa mrefu mmoja mtafuna tumbaku, wakamwita Mister Harri.

Kila fundi wa Kirusi alikuja kazini na tupa yake. Wengine walirithi kwa baba. Kwao fundi alikuwa mtu wa kukifanya kisichoingia kiingie: anakikwaruza hapa, anakijaribu, anakikwaruza tena, mpaka kinakaa. Kwa Mister Harri ilikuwa kinyume. Kipande kinaingia au hakiingii. Kikiingia, kaza nati. Kisipoingia, kirudi kilikotoka, na aliyekitengeneza aulizwe. Basi asubuhi moja Mister Harri alipita na ndoo, akakusanya tupa zote kutoka kwa wafungaji wa malori. Walimwona mwizi. Mzee mmoja alilia machozi. Wengine waliandika malalamiko kwa wakubwa, wakisema mgeni amewavua uanaume.

Petro aliificha yake ndani ya kiatu cha manyoya, akatembea mguu mmoja mkavu wiki mbili, mpaka Mister Harri akauliza kama huyu kijana aliumia vitani. Siku moja ulimjia mlango uliokataa. Petro akatazama huku na huku, akaitoa tupa, akaukwaruza, ukafunga vizuri sana. Mister Harri alikuwa nyuma yake. Hakugomba. Aliufungua ule mlango, akaupachika kwenye lori la pili. Ukakataa. Akauchukua mlango wa lori la pili, akaupachika kwenye lori la Petro. Nao ukakataa. Kisha akasema kupitia mkalimani: "Ulikuwa na kosa moja. Sasa una malori mawili mabovu."

Babu Petro alitusimulia hilo akiwa na miaka karibu sabini, na masikio yake bado yaliiva.

Msidhani Mister Harri alikuwa anajua yote. Baridi ya kwanza ilipoingia, mafuta ndani ya zile mashine yaliganda yakawa kama ugali, na mashine zikasimama. Mister Harri alifungua kitabu chake, akapekua mpaka jalada la nyuma. Kitabu kiliandikwa na watu wenye vyumba vya joto. Waliomwokoa ni wazee wawili wafagiaji, waliowasha makaa kwenye beseni chini ya mashine na kuyapasha mafuta kwenye jiko, kama walivyozoea kuipasha grisi ya mikokoteni kijijini. Mister Harri aliwavulia kofia. Kesho yake akaja kazini amevaa viatu vya manyoya. Hapo ndipo Babu Petro alipotufundisha neno nililolibeba hadi Durban: mtaalamu ni mtu aliyelifanya kosa lako zamani, mahali pengine; likija kosa jipya, yeye na wewe mko darasa moja.

Mkataba ulipokwisha Mister Harri aliondoka. Babu Petro hakujua aliishia wapi. Mambo mengine ya miaka iliyofuata hakutusimulia, na mkalimani hakuuliza. Nami siwezi kuapa kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli; wazee wa viwandani huongeza chumvi. Nimejaribu kuipunguza.

Hadithi hiyo niliisimulia Mobeni mara nyingi mno. Ndiyo maana waliniita Mrusi.

Basi Bwana Govender akaniweka juu ya kazi ya milango. Kitu cha kwanza kilikuwa jigi. Jigi ni fremu nzito ya chuma ambamo unabana vipande vya mlango kabla ya kuchomelea, ili kila mlango utoke sawa na mwenzake, hata aliyechomelea akiwa na usingizi. Lakini jigi lazima lipimwe kutoka mahali. Mchoro tuliokuwa nao ulikuwa nakala ya nakala. Tarakimu nane na tatu zilifanana kama mapacha. Nikaamua kuchukua mlango halisi uwe kigezo. Uani palikuwa na bodi kuukuu tuliyoifanya stoo ya rangi, na mlango wake wa kushoto ulifunga kuliko wote. Ukiusukuma kwa kidole unakwenda wenyewe, unatoa sauti kama kitabu kinachofungwa. Nikaupima huo. Nikajenga jigi juu ya vipimo vyake, nikautundika ukutani, nikaupaka rangi nyekundu ili mtu asiuguse.

Kisha nikafanya kama Mister Harri. Nikachukua ndoo ya rangi, nikapita kwa mafundi, nikakusanya tupa. Zilitoka kumi na moja. Vijana wa Kizulu walisema eish, wakazitupa ndani bila kujali, maana wao ni watu wa grenda. Kabongo alikuwa wa mwisho. Tupa kwake ilikuwa kalamu. Alikuwa na mkono wa kushoto, na aliweza kusawazisha chuma mpaka ukiweka rula juu yake mwanga haupiti. Aliifuta yake kwa kitambaa, akailaza ndani ya ndoo polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Bon," akasema, yaani haya. "Urusi imefika."

Milango ikaanza kutoka. Mimi nilikuwa upande wa jigi, na Kabongo upande wa pili wa karakana, ndiye aliyeipachika kwenye mabodi kabla ya kwenda rangi. Nilikuwa nikipita jioni, ninachukua kipande cha kadi ya unene wa milimita nne, nakizungusha pembeni mwa mlango kuona kama nafasi ni sawa pande zote. Nanyi fanyeni hivyo; macho hudanganya, kadi haidanganyi. Kila mlango nilioupima ulikuwa sawa. Nilimwambia Bwana Govender, nikamwambia mlinzi wa geti, nikamwambia na dereva wa teksi ya Sydenham ambaye hakuniuliza. Mtu akikataa kusikiliza hadithi ya Mister Harri, nilimfuata.

Kabongo alinitania kwamba Mobeni itapata theluji. Mimi nilimtania kuhusu chakula chake. Kila siku alikuja na chikwangue, ule mkate wa muhogo wa Kikongo uliofungwa kwenye majani na kukazwa kwa kamba, mrefu kama mkono wa mtoto. Alikuwa analeta mbili, anakula moja, nyingine anarudi nayo. Nilimwuliza kama ile ya pili Mama Béa aliipika kwa chuma. Alicheka mpaka akakohoa. Nikajiona mcheshi.

Tulikwisha kutoa mabodi ishirini na sita, milango hamsini na miwili, ndipo dereva mmoja wa mikate akagonga nguzo kwa nyuma. Ilikuwa siku niliyoingojea. Mlango wa akiba ulitoka stoo moja kwa moja, mpya, rangi safi, haujawahi kuguswa na bodi yoyote. Bwana Govender alisimama kutazama. Tukaupachika. Ukakwama kona ya juu.

Tukauinua, tukalegeza bawaba, tukapaka chaki kwenye ukingo tuone unagusa wapi. Fanyeni hivyo pia: paka chaki, funga, fungua, mahali chaki ilipofutika ndipo penye ugomvi. Ilifutika kona ya juu, sehemu ya urefu wa kiganja. Bwana Govender alichukua ule mlango uliogongwa, akaulaza mezani, akaanza kukwangua rangi kwenye kona hiyohiyo kwa patasi, taratibu, kama alivyokuwa akitafuta kutu zamani. Chini ya rangi ikaonekana mikwaruzo ya tupa, safi, mipya.

Akauliza nani ana tupa katika karakana yake.

Kabongo alikwenda kwenye mfuko wake wa chakula. Akatoa ile chikwangue ya pili, akafungua kamba, akafunua majani, akaweka mezani tupa ya pili, isiyowahi kuiona ndoo yangu. Kwa miezi saba, kila mchana nilipokwenda kuswali adhuhuri nyuma ya stoo, yeye aliikwaruza milango yangu. Mimi nasujudu, yeye anasugua. Hakuna aliyecheka, ingawa leo nikiandika hapa nacheka peke yangu.

Bwana Govender alimwambia kwamba kampuni ya mikate ilinunua milango inayobadilishana, na yeye amewauzia uongo kwa sababu ya mtu mmoja asiyetaka kuacha mazoea. Akamwambia aje Jumatatu kuchukua vitu vyake. Nami nilimwambia Kabongo mbele ya watu wote kwamba ameniaibisha. Nilimwambia na maneno mengine ambayo siyaandiki, kwa sababu mama zenu wanaweza kusoma. Alinitazama, akafunga majani ya chikwangue kwa kamba kana kwamba kuna kitu ndani, akaondoka.

Nyinyi mliozaliwa na vitambulisho vya hapa hamwezi kujua uzito wa siku ile. Mtu mwenye karatasi za ukimbizi akifukuzwa kwa udanganyifu, hapewi barua ya sifa. Bila barua hiyo, kwenye mageti ya Mobeni hata mlinzi hamwangalii usoni. Kabongo alikuwa na umri ambao hakuna anayeajiri mtu mpya. Nililijua hilo nilipokuwa nikimfokea.

Jumamosi nilikwenda karakanani nikiwa bado na hasira. Nilitaka kuthibitisha kwamba jigi langu liko sawa na kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Nikapima jigi kona kwa kona kwa uzi. Sawa. Nikalilinganisha na kigezo chekundu ukutani. Sawa kabisa, kila tundu. Basi kwa nini mlango mpya ukwame? Nilikaa juu ya ndoo nikikitazama kile kigezo. Nikakumbuka kwamba mlango unaokaa vizuri kupita kiasi kwenye bodi kuukuu iliyopinda lazima nao umepinda mahali, ili vilingane.

Nikaushusha. Nikakwangua rangi yangu nyekundu, na rangi nyeupe ya chini yake, pale inapokaa bawaba ya chini. Nikapitisha ukucha. Ukucha unajua mapema kuliko jicho. Chuma kilikuwa kimeliwa milimita tatu, kimesawazishwa vizuri mno, na mistari ya tupa ililala kuelekea upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuilaza.

Miaka mingi nyuma, kabla hata sijafika pale, Kabongo aliukwaruza mlango ule ili uelewane na bodi iliyopinda. Alifanya kazi nzuri kiasi kwamba mimi, adui wa tupa, nilitafuta mlango bora katika uwanja mzima na nikauchagua huo. Jigi langu lilinakili mkwaruzo wake kwa uaminifu, mara hamsini na mbili. Kila mlango ulizaliwa umeinama milimita tatu. Na yeye kila mchana aliusimamisha tena kwa mkono.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wazee wengi huruka ukurasa. Sikwenda kwake Jumamosi ile. Sikwenda Jumapili. Nilijua anakaa wapi, ni mwendo mfupi kwa teksi. Nilibaki nyumbani, nikapiga pasi shati moja mara mbili. Nilijiambia labda nimepima vibaya. Nilijiambia kwamba hata hivyo alidanganya. Lile jigi lilikuwa kitu pekee nilichokifanya mwaka ule ambacho watu walikisifu, na sikutaka kukiachia. Siku mbili nzima nilimwacha mtani wangu aone maisha yake yamekwisha, ili mimi nibaki mtaalamu. Ndiyo hivyo. Nimeandika.

Jumatatu nilibeba ule mlango mwekundu mpaka ofisini kwa Bwana Govender. Ulikuwa mzito, na nilishukuru, maana mtu aliyebeba mzigo mzito hawezi kugeuka kirahisi. Kabongo alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la nje, mfuko wa plastiki mapajani. Nikaulaza mlango mezani, nikaonyesha, nikaeleza yote, pamoja na zile siku mbili.

Bwana Govender alipitisha ukucha wake mwenyewe. Kisha akasema ana watu wawili: mmoja alikosea akajisifu, mwingine alijua akaficha. Akaniuliza, yeye amwamini nani.

"Yeye," nikasema. "Mimi sikulijua kosa langu. Yeye alilijua kwa milimita."

Hakutabasamu. Alisema sote wawili ni waongo na hana nafasi ya kupata wapya kabla ya mwisho wa mwezi. Akampa Kabongo jigi. Akaniweka mimi chini yake, kwenye kuchomelea. Barua kwa kampuni ya mikate aliiandika mwenyewe, akaeleza ukweli, na kwa Jumamosi nyingi tulizunguka katika maegesho yao tukibadilisha milango. Tulichora kigezo upya kutoka kwenye mabodi yenyewe, si kutoka kwenye mlango unaopendeza. Chini ya Kabongo nilifanya kazi miaka mitatu, hadi nilipostaafu. Alikuwa bosi mbaya sana. Kila asubuhi aliniuliza kama Urusi imeruhusu tuanze. Tupa alizirudisha zote kwa wenyewe, akasema ni za kusafishia mabaki ya kuchomelea tu, na kweli, hakuna aliyezitumia vingine, kwa sababu alipita na ile kadi ya milimita nne mara mbili zaidi yangu.

Lakini nataka kuwaeleza dakika chache za Jumatatu ile, nilipotoka ofisini. Kabongo alikuwa bado kwenye benchi, hajui lolote. Nilimwambia hafukuzwi, na nikamwambia sababu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Ndipo nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mlango wa kwanza. Angenicheka miezi saba mizima, kwa haki.

Akautazama mfuko wake.

"Vieux, tangu Mama Mwanaidi alienda, ulikuwa unakula ukisimama, unaangalia ukuta. Miezi nane. Siku mulango ya kwanza ilitoka kwa jigi, ulikuja ukakaa na sisi, ukaomba pilipili. Nikaenda kuweka ile mulango, nikaona iko inakatala. Nikakuangalia pale unakula. Nikasema, bon, milimita tatu ni nini."

Sikuwa nikijua kwamba nilikula nimesimama. Mtu hajioni. Nilikaa kwenye benchi, nikamwambia jambo ambalo ndilo ninalowaambia ninyi, mkitaka kuniheshimu.

"Siku nyingine mlango ukikataa, niambie umekataa. Halafu kaa nami."

Alifikiri.

"Basi imekatala, vieux," akasema. "Yote makumi tano na mbili."

Akauweka mfuko chini, akasogea karibu, na tukakaa hivyo mpaka kengele ya chai ilipolia.